Mali bila Daftari

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Kamati imenitaka niseme machache juu ya vitabu. Sitasema juu ya waandishi, maana hao wana wasemaji wengi. Nitasema juu ya yale majina madogo yaliyo chini ya jalada, ambayo mwanafunzi huyapita bila kuyasoma, yaani majina ya wachapishaji. Mengi tuliyoyaona maktabani hapa hayapo tena. Mengine yapo, lakini mwenye mali ni mwingine.

Tuanze na Kusadikika cha marehemu Shaaban Robert. Kilitolewa mwaka 1951 na Nelson, kampuni iliyoanzishwa Edinburgh, Uskochi, mwaka 1798. Mwaka 1962 Shaaban Robert alifariki dunia, na mwaka huo huo Nelson ikanunuliwa na Thomson, tajiri wa magazeti. Kitabu hakikufa. Baadaye kilitolewa Dar es Salaam na Mkuki na Nyota. Lakini si kila kitabu kilipata bahati hiyo.

Heinemann ya London, iliyoanza mwaka 1890, ilifungua mwaka 1962 ule mfululizo mashuhuri wa waandishi wa Kiafrika kwa kitabu cha Chinua Achebe. Wakati huo ilikuwa tayari mikononi mwa Tilling, kampuni ambayo asili yake ni mabasi. Mwaka 1983 Tilling nayo ikamezwa na BTR. Mwaka 1985 Heinemann ikapelekwa Octopus, na mwaka 1987 Octopus ikanunuliwa na Reed. Kisha ikakatwa vipande: riwaya zikaenda Random House mwaka 1997, na vitabu vya shule vikaenda Pearson mwaka 2007. Longman nayo, ya tangu mwaka 1724, ilikwisha kuwa ya Pearson mwaka 1968.

Huku kwetu matawi yao yalipata wenyewe wapya. Heinemann ya Nairobi, chini ya marehemu Henry Chakava, iliingia mikononi mwa wenyeji, na mwaka 1992 ikaitwa East African Educational Publishers. Longman ya Kenya ikawa Longhorn.

Ziko pia nyumba tulizozianzisha, au zilizoanzishwa kwa ajili yetu. East African Literature Bureau iliundwa mwaka 1948, ikahudumia nchi zote tatu. Ndiyo iliyotoa Rosa Mistika cha Kezilahabi mwaka 1971. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Bureau nayo ikavunjika, na Kenya ikabaki na Kenya Literature Bureau. East African Publishing House, iliyozaliwa Nairobi mwaka 1965, ilitoa Kichwamaji mwaka 1974, na katika miaka ya 1980 ikafunga milango. Tanzania Publishing House ilianza mwaka 1966 kwa ubia wa shirika la umma na Macmillan. Walter Bgoya aliiongoza tangu mwaka 1972, mwaka ambao nyumba hiyo ilishiriki kutoa kitabu cha Walter Rodney juu ya Ulaya na umaskini wa Afrika. Alipoondoka, ndiye aliyeanzisha Mkuki na Nyota.

Sasa, ndugu zangu, nyumba ya vitabu ikiuzwa, huuzwa nini hasa? Si mitambo, maana wachapishaji wengi hawana mitambo. Hupeleka kazi kwa mpiga chapa. Kinachouzwa ni kabati la mikataba. Ndani ya kila mkataba mna haki ya kuchapa kitabu cha mtu fulani.

Mwenye kabati mpya huangalia kitabu kipi kinauzika, na kwetu kinachouzika ni kile kinachosomwa darasani. Kilichobaki hakichomwi moto wala hakipigwi marufuku. Hakichapwi tena, basi. Mwandishi akitaka kukipeleka kwingine huambiwa haki si yake. Akiuliza ni ya nani, huenda hata aliyekaa ofisini hajui, kwa kuwa mafaili yalihama mara tatu. Hivyo kitabu hufungwa jela bila hukumu. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa hiyo nina maombi matatu.

La kwanza, kwa wenzetu wenye miswada. Kabla ya kutia saini, tazameni kama mkataba unasema kwamba kitabu kikiisha dukani na kisichapwe tena kwa muda uliotajwa, haki zitarudi kwa mwandishi. Ulizeni pia itakuwaje kampuni ikiuzwa au ikifilisika. Sentensi hizo mbili zina thamani kuliko ahadi ya mrabaha mnono.

La pili, kwa watoto wa waandishi. Kwa sheria za Kenya na Tanzania, hakimiliki hudumu miaka 50 baada ya mwandishi kufariki. Muda huo ni mrefu. Tafuteni mkataba wa mzee sandukuni, mkamwandikie barua aliye na haki leo. Msingoje mtu aje kuwatafuta.

La tatu, kwa shule yetu. Nasikia maktaba itasafishwa ili kupata nafasi. Naomba kitabu chochote cha Kiswahili kilichochakaa kisitupwe kabla ya kufunguliwa ukurasa wake wa pili. Pale pameandikwa nani alikitoa, wapi, na mwaka gani. Kwa vitabu vingine ukurasa huo ndio ushahidi pekee uliobaki, na nakala hiyo ndiyo itakayotumika siku mtu akitaka kukichapa upya. Wajukuu wetu hawawezi kudai kitabu wasichojua kwamba kiliwahi kuwapo.