Kompresa Zote kwa Pamoja
Msikilizaji, mwenye kibanda cha juisi ananunua umeme kwa luku; uniti zikiisha, anaongeza. Mwenye kiwanda cha barafu habari yake ni nyingine. Shirika la umeme, TANESCO, humtoza uniti alizotumia, kisha humtoza tena kwa kVA, yaani mzigo mkubwa kuliko wote aliouweka kwenye laini mwezi ule. Kompresa zote zikinguruma kwa pamoja asubuhi moja tu, asubuhi hiyo ataikuta kwenye bili.

Hapo ndipo akili mnemba inapokuwa na kazi ya kufanya. Programu hupewa rekodi za mita za miezi iliyopita, joto la nje, ratiba ya zamu na sikukuu, nayo inakadiria mzigo utapanda saa ngapi kesho. Kwa makadirio hayo, barafu inagandishwa mapema, kompresa moja inasubiri nyingine ipumzike.

Google wamefanya jambo la karibu na hilo. Mwaka 2016 walitangaza kuwa programu ya DeepMind, kampuni yao ya akili mnemba, imepunguza kwa hadi asilimia 40 umeme wa kupoza vituo vyao vya kompyuta. Wa kupoza, siyo bili nzima. Neno hilo wauzaji wa programu hulimeza haraka sana. Mwaka 2018 wakaeleza kwamba sasa inaendesha upozaji yenyewe, kila dakika tano ikisoma maelfu ya vihisio, na fundi anaweza kuizima wakati wowote.

Maelfu ya vihisio! Viwanda vyetu vingi vina mita moja getini, na mwenye mali huitazama bili inapofika. Namba 12 kwa mwaka zitatabiri nini? Kwa maoni yangu, fedha ya kwanza iende kwenye mita ndogo kwa kila mashine kubwa, zinazorekodi mchana na usiku. Na fundi wa zamu aulizwe. Mara nyingi anaijua mashine inayokula umeme bure, ila hajawahi kuitwa ofisini.

Halafu kuna jambo ambalo programu ya ughaibuni huenda haijafundishwa. Umeme ukikatika, vyumba vya baridi vinapata joto. Ukirudi, kila kompresa inataka kufidia kwa nguvu zake zote, na kVA inapaa. Kwa hiyo akija muuzaji na kompyuta yake, bosi, muulize: umeme ukikatika saa saba mchana ukarudi saa tisa, programu yako inawasha nini kwanza?