Gitaa la Nyuma

Wiki iliyopita kijana mmoja wa mtaani kwetu alinijia na gitaa begani. Baada ya shikamoo akasema anataka nimfundishe jazi, ile ya Kimarekani. Solo tatu ameshazikariri kutoka kwenye kanda, na alizipiga vizuri, vidole vikikimbia kama vya cherahani. Nikamwambia, haya, mimi naimba, wewe nisindikize. Hatukufika mbali. Kila nilipovuta pumzi, yeye aliijaza nafasi ile kwa manoti.

Sikumcheka, maana yalinikuta mwaka 1994. Nilichukuliwa kwa majaribio na bendi iliyokuwa ikipiga hotelini kila Jumamosi. Sisi majina ya jazi tunayo tangu zamani, Morogoro Jazz, Western Jazz, Tabora Jazz, lakini muziki wenyewe ulikuwa dansi letu. Pale hotelini wageni walitaka zile nyimbo za kudumu ambazo kila mwanajazi duniani anatarajiwa kuzijua. Tulianza na "Autumn Leaves", wimbo uliotungwa Ufaransa na Joseph Kosma, mzaliwa wa Hungaria, mwaka 1945. Kodi zake nilizijua zote (si hizi za serikali, nasema kodi za gitaa), na nilizipiga kwa nyuzi zote sita, kwa nguvu, pigo kwa pigo. Mpiga piano alikuwa akipiga zilezile. Mwimbaji aligeuka kunitazama mara mbili.

Jumamosi iliyofuata kiti changu hakikuwepo. Hakuna aliyenieleza neno, na ile pesa nilikuwa nimeshaipangia kodi ya nyumba. Ni mzee wa besi aliyenihurumia. Tukiwa nje tunasubiri usafiri aliniambia, "Mwanangu, umejaza nyumba mpaka wageni hawana pa kukaa." Kisha akaniazima kanda ya Count Basie.

Niliisikiliza siku tatu nikitafuta gitaa, nisilione. Siku ya nne nikagundua kwamba kile nilichodhani ni dramu peke yake kilikuwa dramu na gitaa pamoja. Huyo ndiye Freddie Green. Aliingia bendi ya Basie mwaka 1937 na alikuwa bado anaipigia alipofariki mwaka 1987, Basie mwenyewe akiwa ameshatangulia mwaka 1984. Karibu miaka hamsini, na solo zake ni za kuhesabu. Hakutumia amplifaya, mbele ya safu nzima ya tarumbeta na saksafoni. Moja, mbili, tatu, nne, basi. Waliochunguza rekodi zake wanasema mara nyingi uzi uliosikika hasa ulikuwa mmoja tu, ingawa mkono ulikuwa umeshika kodi.

Inawezekanaje? Ninyi mnaoimba kwaya mtanielewa haraka. "Autumn Leaves" huanza kwa kodi ya re, kisha ya so, kisha ya do. Besi inakupa huo msingi, kwa hiyo usiurudie. Chukua sauti ya tatu na ya saba tu. Kwenye kodi ya re ni fa na do. Ukienda so, fa inabaki palepale na do inashuka nusu sauti kuwa ti. Ukienda do, ti inabaki na fa inashuka kuwa mi. Kidole kimoja kinasogea hatua moja, kingine kimetulia, na sikio linasikia kodi nzima. Kwa namna hiyo unazunguka vipimo vyote 32 vya wimbo bila kumkanyaga mwimbaji.

Kama hakuna besi, mambo ni mengine. Joe Pass aliporekodi na Ella Fitzgerald mwaka 1973, wawili peke yao, gitaa lilibeba na besi pia. Lakini hata yeye, Ella anapoimba, anajibu pale tu anapopewa nafasi. Bibi zetu walilijua hilo zamani: anayeitikia hadithi husema "pakawa" akanyamaza, asije akasimulia yeye.

Hotelini sikurudi. Nilipata kazi kwenye bendi nyingine baada ya miezi saba, gitaa la ridhimu, na mwimbaji wa huko hakuwahi kugeuka.

Basi Jumapili yule kijana alipokuja tena, nilichukua gitaa lake nikamfungulia nyuzi nne. Nimemwachia mbili tu, wa tatu na wa nne, zenye hizo fa, do, ti na mi. Alinuna. "Mzee, sasa hili ni gitaa au zeze?" Nikamwambia akazunguke nalo wiki nzima, huku akiimba wimbo kwa mdomo wake mwenyewe. Jana jioni alipita dirishani kwangu akipiga, polepole, nami nikajikuta ndani naimba.

Tukutane tena juma lijalo.