Maji, Mwiba na Mwisho: Mkonge wa Mapambo katika Bustani za Mbulu na Hanang



Utangulizi

Mtu akitaja mkonge, wengi wetu tunawaza mashamba ya Tanga au mpaka wa shamba la babu. Bustani haitujii akilini. Leo naomba tuutazame mmea huu kwa jicho la mtu anayepamba ua wa nyumba, uwanja wa kanisa au mbele ya duka.

Mkonge ni mgeni kwetu. Jamii yake imetoka Mexico na nchi za jirani. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Dk. Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika hai na kupandwa upande wa Pangani ilikuwa 62 tu, na kutokana na hiyo 62 yakazaliwa mashamba yaliyoifanya Tanganyika ijulikane duniani. Mwenye kitalu apate somo hapo: mkonge hujizalisha wenyewe. Ukiwa na mimea mama mitano mizuri huna haja ya kununua miche tena.

Aina za kuanzia

Napendekeza tatu. Agave americana ni mkubwa, wa kijivu-bluu au wenye ukingo wa njano, na unaweza kutanuka hadi mita tatu. Huo ni wa uwanja mpana. Agave angustifolia wenye ukingo mweupe ni wa wastani, unafaa kwenye kona. Agave attenuata hauna miiba, majani yake ni laini. Huo ni wa nyumba yenye watoto. Kwa kuwa hauvumilii baridi kali, huku Mbulu juu upandeni karibu na ukuta unaopata jua.

Maji

Mkonge hauuawi na jua. Unauawa na ndoo.

Mche wangu wa kwanza niliupanda ndani ya tairi la lori lililopakwa chokaa, nikawa naumwagilia kila jioni pamoja na mawaridi. Kwa miezi kadhaa ulisimama vizuri. Siku moja nikashika jani la katikati, likachomoka lote mkononi. Chini yake palikuwa na uji wa kahawia unaonuka kama pombe iliyochacha. Nikamlaumu aliyeniuzia mche, kumbe muuaji nilikuwa mimi.

Matundu ya majani ya mkonge hufunguka usiku, wakati wa ubaridi, na mchana hufungwa. Ndiyo maana hupoteza maji kidogo sana. Kuumwagilia kila siku ni kumlazimisha aliyeshiba aendelee kula. Kwenye udongo mweusi wa mbugani, unaoshika maji, inueni tuta la sentimita 30 na mchanganye udongo na mchanga mkavu au moramu. Mche ukishika, mvua zetu zinautosha.

Yuko pia fukusi wa mkonge, mdudu mweusi mwenye mdomo mrefu. Jike hutoboa shina na kutaga mayai; funza hula moyo wa mmea, uozo ukafuata. Mmea ulioshambuliwa ung'oeni na kuuchoma moto, wala msigawe machipukizi yake kwa jirani.

Mwiba

Ncha ya jani la Agave americana inaweza kutoboa jicho la mtoto au la ndama. Hapa Hanang ng'ombe hupita karibu na nyumba, kwa hiyo pimeni angalau mita mbili kutoka njiani, mkihesabu ukubwa wa mmea uliokomaa na si wa mche. Mkishindwa, kateni ncha tu kwa mkasi. Jani litabaki zima.

Utomvu nao una chembe kali kama sindano ndogo zinazowasha ngozi. Vaeni glavu na mikono mirefu, mtumie panga au msumeno. Mashine ya kufyekea hurusha utomvu usoni.

Mwisho

Wateja wengi hawaambiwi hili: mkonge huchanua mara moja, kisha hufa. Agave americana unaweza kungoja miaka 10 hadi 30, halafu ukasimamisha mlingoti wa mita sita au zaidi. Usiupande chini ya waya za umeme. Mama akifa, watoto, yaani machipukizi, wamekwisha kumzunguka. Mwambieni mteja mapema, asije akadhani mmemuuzia mmea mgonjwa.

Machipukizi hayo kateni Septemba au Oktoba, kabla ya mvua. Yaacheni kivulini siku tano hadi saba, kidonda kikauke, ndipo mpande.

Mapendekezo

Kwanza, tusiuze mkonge kama kinga dhidi ya maporomoko ya mlima. Tarehe 3 Desemba 2023 tope kutoka Mlima Hanang liliingia Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Mizizi ya mkonge ni ya juujuu. Safu yake kwenye mteremko inaweza kuzuia udongo kidogo, lakini haishiki kilima. Kazi hiyo ni ya miti, majani ya matuta na mitaro. Atakayemwambia mteja vinginevyo kwa ajili ya kuuza miche atakuwa amemdanganya juu ya uhai wake.

Pili, tuuchanganye na mimea yetu wenyewe. Shubiri mwitu wenye maua mekundu hupendeza ukiwa karibu na mkonge wa kijivu. Lakini tusiung'oe porini: karibu shubiri zote za mwituni zinalindwa na CITES, mkataba unaodhibiti biashara ya kimataifa ya viumbe vya mwituni. Tuuoteshe kwa mbegu.

Tatu, kila mche uuzwe na maneno matatu: maji kidogo, mwiba mbali, mwisho upo.

Ndugu Mwenyekiti, baada ya chai tutatoka nje tukate machipukizi na kuinua matuta. Majembe na glavu viko mlangoni. Ndoo nimeziacha stoo kwa makusudi.