Nguo za Jina Kubwa: Ya Kweli na ya Bandia
(Mazungumzo kwa vikundi vinavyouza nguo)



Vikundi vyetu vingi siku hizi vinachukua fedha za mzunguko na kununua nguo za kuuza siku ya soko. Ni biashara nzuri, maana nguo haiozi kama nyanya. Lakini kuna shimo moja ambalo akiba ya kikundi huweza kutumbukia, nalo ni nguo na viatu vyenye majina makubwa ambavyo si vya kweli. Leo tuzungumze hilo tu.

Jina likishonwa kwenye shati, bei hupanda. Shati jipya la Lacoste huko ng'ambo linaweza kufikia bei ya mbuzi hapa kwetu. Ndiyo maana watu wanaiga. Tena kuiga si jambo la juzi. Huko Ufaransa, watengenezaji wa mifuko na masanduku wa Louis Vuitton waliigwa sana, mpaka mwaka 1896 wakatoa kitambaa chenye herufi LV na maua ili kuwashinda waigaji. Leo kitambaa hicho hicho ndicho kinaigwa kila soko!

Sasa mtu atajuaje? Sisi tunashauri usianze na lebo. Lebo ndiyo rahisi kuliko vyote kuiga. Geuza nguo ndani nje. Angalia kama mshono umenyooka na nukta zake zinalingana, kama nyuzi zinaning'inia, kama tundu la kifungo limezungushiwa uzi vizuri. Kama shati lina mistari, tazama inavyokutana mfukoni. Fundi wa cherehani aliye katika kikundi anajua mambo haya kuliko mtu yeyote mwenye shahada. Mkienda Gikomba, nendeni naye, hata kama mtamlipia nauli.

Baada ya hapo ndipo mtazame alama. Longi ya jinzi ya Levi's ina kibandiko kiunoni chenye farasi wawili wanaovuta suruali. Nyuma ya kifungo cha juu kwa kawaida kuna namba, na namba hiyo huonekana tena kwenye lebo ya ndani. Zikitofautiana, ulizeni maswali. Kile kitambaa chekundu kidogo cha mfuko wa nyuma, kilichoanza mwaka 1936, mara nyingine hakina jina bali alama ya ® peke yake, na bado longi ni ya kweli. Kwa hivyo msiitupe bure.

Mamba wa Lacoste kwa kawaida hufumwa peke yake, kisha akashonwa kifuani kwa uangalifu. Meno na kucha zake huonekana. Yule wa bandia mara nyingi hufanana na mjusi aliyeshiba. Kwa raba za Adidas, tazameni kilebo kilicho ndani ya ulimi wa kiatu. Namba ya mwisho ya kiatu cha kushoto haifanani na ya kulia. Zikiwa sawasawa kabisa, kuna mtu amenakili.

Na zipu ya YKK je? Hiyo ni kampuni ya Japani iliyoanza mwaka 1934, na zipu zake ni imara. Lakini waigaji nao huandika YKK, na nguo nyingi za kweli zina zipu nyingine. Alama moja haitoshi kuhukumu wala kusafisha.

Kuna jambo ambalo huwashangaza wengi. Jinzi ya mtumba iliyopauka, lebo imefifia, inaweza kuwa ya kweli, hali ile mpya inayong'aa kwenye karatasi ya plastiki ikawa ya bandia. Muuzaji akikwambia anazo hamsini, saizi zote, rangi zote, shilingi mia nane kila moja, jiulize kiwanda kilimuuzia kwa ngapi. Hata hivyo mtumba nao si kinga. Wazungu pia hununua feki, wakichoka nazo wanazitoa, na zinakuja kwetu katika robota. Kwa sababu robota hufungwa na huwezi kuchungulia ndani, msipige hesabu ya faida kwa kutegemea majina. Pigeni hesabu ya nguo nzima zisizoraruka. Mkipata kamera mbili tatu za jina, hiyo ni nyongeza.

Wengine hutuambia, "Lakini mteja mwenyewe anajua ni feki, sasa nani anadanganywa?" Wapo wanaojua, ni kweli. Lakini yuko pia kijana aliyeuza kuku wake wote ili aende chuoni na viatu vizuri, soli ikaachana na kiatu mvua ya kwanza. Huyo atamrudia nani? Atamrudia mama wa sokoni anayemfahamu, si mwenye kiwanda.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Kenya ya kupambana na bidhaa bandia ya mwaka 2008 inamgusa anayetengeneza, anayeuza na hata anayeweka bidhaa hizo kwa biashara. Kosa la kwanza ni kifungo kisichozidi miaka 5, au faini isiyopungua mara 3 ya bei ya rejareja kwa kila kimoja, au yote mawili. Hebu tupige hesabu: mashati 40 ya bei ya shilingi 1,500 yanaleta faini isiyopungua shilingi 180,000. Ni kikundi gani chetu kina fedha hizo?

La mwisho ni kwa vikundi vya ushonaji. Akija mtu na mfuko wa lebo za majina makubwa, akasema, "Shoneni tu, mimi nitauza," mkatalieni. Hapo ninyi ndio watengenezaji. Tangu marekebisho ya mwaka 2018, hata kuwa na lebo hizo kwa ajili ya biashara ni kosa. Kama sare zenu na magauni yenu yanasifiwa, wekeni jina la kikundi. Linaweza kusajiliwa kwa taasisi ya serikali iitwayo KIPI, Nairobi. Ada ipo, kwa hivyo iulizieni kwanza, muijadili mkutanoni, na iandikwe katika kumbukumbu kabla ya mtu yeyote kupanda matatu.