Kuzitambua Mashine za Kale za Kuvunia Ngano

Leo twapenda kunena habari za mashine zivunazo ngano. Zilizo kuukuu husimama pembeni mwa mashamba makubwa, na watu huziita kwa majina yasiyo yake. Akoseaye jina la mashine huagiza chuma kisichoingia mahali pake, na fedha yake hupotea. Na mwalimu akikosea, huwafundisha watoto habari zisizo za kweli.

Zamani ngano ilikatwa kwa mundu, ikapurwa, kisha ikapepetwa: kazi tatu, siku nyingi. Mwaka 1836, huko Michigan katika Marekani, Hiram Moore na mwenzake John Hascall walipata hati ya serikali kwa mashine ifanyayo kazi hizo kwa mwendo mmoja. Ilivutwa na farasi wengi. Basi swali la kwanza ni hili: iliendeshwa na nini? Iliyofungiwa farasi kwa kawaida ni ya kale kuliko iliyofungiwa trekta. Iendayo kwa injini yake yenyewe, mara nyingi ni ya baadaye. Lakini tusikate shauri upesi, kwa maana ndugu wa ukoo wa Baldwin, huko Kansas, mwaka 1923 walitengeneza mashine ya Gleaner juu ya trekta ya Fordson, nayo ilijiendea.

Swali la pili: nafaka iliingia wapi? Penye jukwaa dogo ubavuni, hapo alisimama mtu akijaza magunia na kuyashona. Penye tangi juu ya mashine, mshona magunia hakuhitajiwa tena.

Swali la tatu: imeandikwa nini? Mwaka 1925 kampuni ya Holt na ya Best ziliungana zikawa Caterpillar. Massey-Harris iliungana na Ferguson mwaka 1953. Na jina fupi la Massey Ferguson lilianza 1958. Hesabu nazo zina maana mbalimbali. All-Crop 60 ya Allis-Chalmers yakata upana wa inchi 60, yaani futi 5. Bali 21 ya Massey-Harris si futi 21, ni namba ya aina tu.

Rangi tuiache mwisho, maana yeyote mwenye kopo la rangi aweza kuigeuza. Afadhali tusugue taratibu kibati kilichopigiliwa mwilini mwa mashine, tuisome namba yake, na kuinakili kabla kutu haijaila.

Tena tukumbuke watu. Mwaka 1944, wakati wa vita, mashine 500 za Massey-Harris zijiendeshazo zilivuna katika Marekani zaidi ya ekari milioni moja, kwa sababu vijana walikuwa vitani na mikono ilikuwa haba. Killa badiliko la chuma liliwapunguzia wengine jasho, na wengine likawaondolea ujira.

Kwa hiyo, waalimu, mkiikuta mashine ya namna hii, mwulizeni mzee aliyeiendesha au aliyeshona magunia yake. Andikeni asemayo pamoja na namba ya kibati. Chuma hungoja mvua nyingi, mzee hangoji.