BARABARA HII NI YA NANI?



Leo tunazungumza juu ya barabara. Tunataka kujua barabara inayopita mbele ya shamba lako ni ya nani, na mpaka wake unaishia wapi. Wako watu waliovunjiwa nyumba kwa kutojua jambo hili.

Hebu tuanzie hapa Mwisenge, mjini Musoma. Zamani mizigo mikubwa ilikuja kwa maji. Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na meli zikawa zinaleta bidhaa mpaka bandari yetu. Watu wa huko ndani walikuja kwa miguu. Mwaka 1934 Julius Nyerere alianza kusoma katika Shule ya Mwisenge, akiwa na umri wa miaka 12. Husimuliwa kwamba alitembea kutoka Butiama, maili 26 hivi. Siku hizi mtoto anapanda basi, na nauli ikipanda tunanung'unika!

Sasa tutoke mjini. Tunafika Makutano, na hapo tunakutana na barabara kuu. Alama yake ni T4. Kulia inakwenda Bunda, Lamadi na Mwanza. Kushoto inavuka Mto Mara kwenye Daraja la Kirumi, inapita Tarime na kufika Sirari, mpakani na Kenya. Hapohapo Makutano ndipo pa kuendea Butiama, na mbele zaidi Mugumu, Serengeti.

Wengi hudhani T4 inaishia Mwanza. Sivyo. Inaendelea Sengerema, Geita, Biharamulo, Bukoba, mpaka Mutukula kwenye mpaka wa Uganda. Yaani inalizunguka ziwa letu upande wote wa Tanzania. Kwa miaka mingi ilikatwa na maji pale Kigongo na Busisi, magari yakapanga foleni kungoja kivuko. Daraja la hapo, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, lilifunguliwa mwezi Juni 2025. Kirumi nako, kabla ya daraja, watu walivuka kwa pantoni.

Basi, ni za nani? Barabara kuu na barabara za mkoa zinatunzwa na TANROADS, iliyoanza mwaka 2000. Barabara za wilaya, pamoja na zile za kwenda vijijini, zilikuwa chini ya halmashauri. Tangu mwaka 2017 ziko chini ya TARURA. Kwa hiyo kalvati la kijijini likizolewa na mvua, usipoteze nauli kwenda TANROADS. Mwenyekiti wa kijiji aandike barua kwa TARURA wilayani.

Na fedha? Kila lita ya petroli au dizeli inatozwa ushuru unaoingia Mfuko wa Barabara. Hata mama anayesaga mahindi kwa mashine ya dizeli anachangia. Basi asione haya kuuliza.

Sasa tufike kwenye mpaka, maana hapa ndipo penye kilio. Zamani hifadhi ya barabara kuu ilikuwa mita 22.5 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilileta mita 30 kila upande. Ziliongezeka mita 7.5. Ndiyo maana mliona nyumba zimeandikwa X. Nyekundu ilikuwa kwa aliyejenga ndani ya hifadhi ya zamani. Huyo avunje bila malipo. Kijani ilikuwa kwa aliyekutwa na mita zilizoongezwa. Huyu alikuwepo kihalali, barabara ndiyo iliyomfuata, kwa hiyo ana haki ya fidia eneo lake likitakiwa. Usikubali kuambiwa X zote ni sawa.

Unataka kupima? Simama pembeni, si katikati, magari hayana huruma. Mmoja aangalie magari, wawili washike kamba ya mita 30. Anzieni kwenye mstari wa katikati. Angalieni pia nguzo fupi za zege zilizosimikwa kuonyesha mpaka. Msizing'oe wala msilime juu yake. Mtu akija kukuuzia kiwanja "cha barabarani" kwa bei ya chee, mpeleke kwanza kwenye kamba hiyo. Bado hujampa hata senti.