Akiba Iliyo Kichwani na Mikononi

(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama na wageni siku ya kutimiza miaka kumi ya kikundi chetu, Makorora, Tanga)

  

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha mwaka wa kumi tukiwa bado tunakaa mkeka mmoja. Wenzetu tulioanza nao na ambao wametangulia mbele ya haki, tunawaombea mapumziko mema.

Sisi tuliosimama hapa ndio wale mnaotutania kwa jina la "mafundi wa mkekani". Cheti cha ufundi hatuna. Tunapenda tu kujua kitu kimefungwaje, kinafanyaje kazi, na kikiharibika kinarudishwaje. Wengine wakifurahia doti mpya ya khanga, sisi tunafurahia bisibisi. Leo tumepewa nafasi ya kusema juu ya ufundi wa nyumbani na kusoma, na mwishoni tuna ombi moja. Ombi lenyewe mnalijua, maana limeshazungumzwa pembeni: kwamba safari hii tukivunja sanduku, fedha zote zisigawanywe. Sehemu ndogo ya mfuko wa jamii inunue vifaa vya pamoja na vitabu. Wapo wanaokubali, na wapo wanaosema vitabu haviliwi. Tunaomba tuwajibu kwa hoja, wala si kwa kelele.

Hesabu ya taa na pasi

Akina mama, tumezoea kuhesabu hisa na rejesho, lakini kuna hesabu nyingine inayopita ukutani kila usiku nasi tumelala. Uniti moja ya LUKU ni wati 1,000 zikitumika kwa saa 1. Basi chukua balbu ile ya zamani ya wati 60. Ikiwaka saa 5 kila usiku kwa siku 30, inakula uniti 9. Balbu ya LED ya wati 9 kwa saa hizo hizo inakula uniti 1 na robo na kitu, haifiki hata uniti 1 na nusu. Mwenye taa 4 nyumbani anaokoa uniti 30 kwa mwezi. Hapo hakuna aliyekopa, hakuna aliyedhaminiwa, na riba haipo. Kilichohitajika ni kusoma maandishi madogo yaliyopigwa kwenye balbu.

Maandishi hayo yapo pia chini ya pasi, nyuma ya birika la umeme, na kwenye kibandiko cha friji. Gawa wati kwa volti 230 utajua fyuzi gani iwekwe kwenye plagi. Pasi ya wati 1,000 inavuta kama ampea 4 na kidogo, kwa hiyo fyuzi ya 5 inaitosha. Birika la wati 2,000 linavuta karibu ampea 9, nalo lataka fyuzi ya 13. Fyuzi ikiungua imefanya kazi yake, imekulinda. Anayeiziba kwa waya au kwa karatasi ya ng'aring'ari ya sigara amemfukuza mlinzi na kumwachia mwizi mlango wazi.

Na pasi nyingi tunazoziona zimetupwa uvunguni hazijafa. Waya umekatikia ndani, pale karibu na plagi au pale unapoingia kwenye pasi, kwa sababu ya kukunjwa kila siku. Ukiukata pale ulipokatikia na kuufunga upya kwenye plagi, kitu kinarudi. Waya wa kahawia ndio wa moto, wa buluu ni wa kurudishia, wa kijani na manjano ni wa ardhini. Plagi iwe imechomolewa na iko mkononi mwako, si ukutani.

Hapa tuseme na mipaka. Waya za ndani ya ukuta, friji, televisheni na mtungi wa gesi, hivyo tunampelekea fundi mwenye kazi yake. Kwenye gesi kazi yetu ni moja: kupaka povu la sabuni kwenye maungio ya mpira na kutazama. Povu likitoa mapovu mapya, gesi inavuja. Funga mtungi, fungua madirisha, usiguse swichi, umwite fundi. Kiberiti kamwe! Na hata unapokwenda kwa fundi, anayejua kueleza kitu kimeanza kuharibika vipi hazungumzi bei sawa na anayesema "kimekufa tu".

Sabuni na gramu 42

Kazi ya sabuni ndiyo imetulipia ada za watoto wengi hapa, kwa hiyo tuiseme wazi. Kwetu mafuta ya nazi hayana ugeni, na siku yanapopanda bei tunakimbilia mawese. Wengi tumepokea vipimo kwa masikio: fulani kamwambia fulani, naye katuambia sisi. Lakini mafuta hayafanani. Kilo 1 ya mafuta ya nazi, ili yote yageuke sabuni, inahitaji kostiki soda gramu zipatazo 183. Kilo 1 ya mawese inahitaji gramu zipatazo 141. Tofauti ni gramu 42. Aliyeshika kipimo cha nazi akakitumia kwenye mawese, kostiki inabaki ndani ya sabuni bila kazi, na kazi yake itakuwa kwenye mikono ya mteja na ngozi ya mtoto wake. Ndiyo maana wenye kazi hii hupunguza kostiki kidogo, kama sehemu 5 katika 100, ili yabaki mafuta kuliko kubaki soda.

Tena kostiki ndiyo inayotiwa kwenye maji, pole pole, huku unakoroga nje penye hewa. Ukimwaga maji juu ya kostiki yanachemka ghafla na kukurukia usoni. Tumia ndoo ya plastiki ngumu. Sufuria ya alumini italiwa na kutoa hewa inayoweza kuwaka. Haya yote yameandikwa vitabuni na kwenye vibandiko vya mapipa. Kikombe cha chai hakipimi gramu 42, jamani. Mizani inapima. Nani kati yetu ana mizani nyumbani? Ndiyo sababu tunataka iwe ya kikundi.

Kapu la sufi

Tukitoka kwenye hatari twende kwenye raha. Mkaa unatutoa jasho mara mbili, kwa moto na kwa bei. Kuna kapu la kuhifadhi joto ambalo kila nyumba ya Tanga inaweza kulishona, maana kapu tunasuka wenyewe, na sufi ni ile ile ya magodoro na mito yetu. Chukua kapu pana la ukindu, tandaza sufi chini na pembeni unene wa kiganja, ishone ndani ya kitambaa ili isitoke, na shona mto mmoja wa kufunika juu. Maharage uliyoyaloweka usiku kucha, yamwage maji, yachemshe kwa maji mapya dakika 20 mpaka 30 yakitokota sawasawa, funika sufuria, lifute masizi, litie kapuni, bana na mto. Baada ya saa 3 au 4 yameiva au yamebakiza kidogo. Yarudishe jikoni yatokote tena ndipo uyaunge nazi.

Hakuna uchawi humo. Sufi imeshika hewa iliyotulia, na hewa iliyotulia haipendi kupitisha joto. Hata chupa ya chai ina kazi hiyo hiyo ya kulizuia joto lisitoroke. Ukijua sababu hiyo utajua na mengine: kwamba sufi ikilowa haifai mpaka ianikwe, kwamba sufuria iliyojaa hutunza joto kuliko iliyojaa nusu, na kwamba kapu likae mbali na moto kwa kuwa sufi hushika moto upesi. Anayefuata maagizo bila kujua sababu, siku jambo likigeuka anakwama. Aliyejua sababu anageuka nalo.

Tulikwisha kufanya hivi

Wapo wanaosema mambo ya vitabu ni ya watoto wa shule. Tuwakumbushe kidogo. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Kisha mwaka 1973 ikaja kampeni ya "Mtu ni Afya", nayo ilichukua wiki 12. Watu wapatao milioni 2 nchi nzima walikaa vikundi vikundi, wanasikiliza kipindi cha redio, anayejua kusoma anawasomea wenzake kitabu, wanajadili, halafu wanakwenda kufanya: kuchimba choo, kufyeka madimbwi, kuchemsha maji. Mwaka 1975 ikafuata "Chakula ni Uhai". Baadhi ya mama zetu waliokaa mbele hapa wanayakumbuka. Hawakungoja kila mtu ajue kusoma ndipo waanze. Kitabu kimoja kilitosha kundi zima, na kazi ya mikono ndiyo iliyokuwa mtihani.

Majirani zetu wa Malawi nao wana mfano. Kijana William Kamkwamba wa Wimbe, wilaya ya Kasungu, aliacha shule kwa kukosa ada wakati wa njaa ya 2001 na 2002. Akawa anakwenda kwenye maktaba ndogo ya shule ya msingi. Kiingereza chake kilikuwa cha shida, basi akaanza na picha na michoro, halafu akatafuta maneno yanayoieleza michoro. Kwa fremu ya baiskeli, feni ya trekta na magogo ya miti akaunda kinu cha upepo kilichowasha taa na redio nyumbani kwao. Juni 2007 alikuja hapa hapa Tanzania, Arusha, akausimulia mkutano wa kimataifa kazi yake. Vyuma chakavu vilikuwepo Wimbe siku zote. Kilichoongezeka ni kitabu, na mtu aliyekubali kukaa nacho.

Mtasema siku hizi kuna simu, na kweli ipo. Video inaonyesha mkono unavyokwenda, jambo ambalo kitabu hakiwezi. Lakini video haikungoji, bando linakatika kostiki ikiwa ndooni, na anayeionyesha hujui kama amewahi kuuza hata mche mmoja wa sabuni. Sisi tunasema hivi: tazama kwenye simu, hakikisha kwenye kitabu, halafu andika kwenye daftari lako yale yaliyokubali kwa mafuta ya kwetu na maji ya kwetu.

Ombi letu

Tunachoomba ni sanduku la pili likae kando ya sanduku letu la fedha. Ndani yake ziwemo bisibisi mbili, plaizi, testa, tepu ya umeme, mizani nzuri ya jikoni, glavu ndefu na miwani ya kinga kwa wapika sabuni. Viwemo vitabu vichache vya kazi za mikono, vya Kiswahili kwanza na vyenye michoro. Tukipungukiwa, Maktaba ya Mkoa iko mjini. Na liwemo daftari kubwa moja. Kila mwenye kuazima aandike siku, alichotengeneza, alivyokitengeneza na kilichomgharimu. Sheria ziwe zile zile za mkopo: kuazima siku tatu, kuchelewa faini.

Na kila wiki, nusu saa kabla ya kununua hisa, daftari hilo lisomwe kwa sauti. Tunalisema hili kwa heshima, kwa sababu kati yetu wapo mama ambao shule haikuwafikia. Kwa miaka kumi wamekuwa wakitia dole gumba na kuamini kilichoandikwa na wengine. Hao hao ndio waliotufundisha kusuka makapu na kukamua mafuta ya nazi. Wakikaa na wanaosoma, mmoja akisoma na mmoja akionyesha, hakuna atakayekuwa mwanafunzi wa kudumu. Na siku mmoja wao atakapousoma mwenyewe ukurasa wake katika kitabu cha hisa, kikundi hiki kitakuwa kimepata faida ambayo Mweka Hazina hana safu ya kuiandika.

Fedha tutakazogawana, wenyewe tunajua safari zake: ada, kodi, mchele, harusi. Zikitoka haziulizi njia ya kurudi. Lakini mizani itapima sabuni ya mwaka huu na ya mwaka wa ishirini, na aliyejua kufunga plagi hawezi kunyang'anywa ujuzi huo hata akihama Makorora. Vitabu haviliwi, ni kweli. Hata sufuria haliliwi, lakini hakuna anayepika bila nalo.

Bibi Mwenyekiti, jambo hili litakuja kupigiwa kura katika kikao cha kuvunja sanduku. Tunawaomba mnyooshe mikono. Na hata wasiokubali wakaribie baada ya hotuba: kapu liko pale pembeni, maharage yamo tangu asubuhi, wayaonje ndipo waamue.